Mdakaji Haruhusiwi Kugusa

Fundi wa vigae hushuka ngazi kinyumenyume. Anashika ukuta kwa mkono wa kushoto, anatanguliza kisigino, kisha anasubiri goti la kulia likubali. Jirani wa chini, mama anayejua ya watu kuliko ya nyumbani kwake, aliwahi kumwuliza kama kuna kitu amesahau huko juu, maana kila asubuhi anamwona anaondoka huku akitazama alikotoka. Fundi alicheka tu. Hakuwa na nguvu za kumweleza kwamba magoti yake yalistaafu kabla yake, na hayakumuaga mtu.

Miaka ishirini na sita amepiga magoti kwenye mabafu ya watu. Kigae hakiwekwi ukiwa umesimama. Unapiga magoti, unapaka gundi, unakilaza, unakigonga kwa nyundo ya mpira, unaweka pima maji, unajivuta nyuma nusu hatua, unaanza tena. Ukimaliza, mwenye nyumba anaingia na kusifu pazia. Hakuna mtu anayeingia bafuni akainama kusifu sakafu. Sakafu hutazamwa siku ikipasuka, na siku hiyo ndipo simu ya fundi inapoita.

Wiki ninayoisimulia alikuwa anamalizia kliniki ya meno, vyumba vitatu na korido. Ijumaa mchana alitaka kusimama, goti likagoma. Mpiga rangi alikuwa mle mle chumbani, kwa hiyo fundi alibaki chini akijifanya anakagua mistari ya viungo vya vigae, akiifuta ilipokuwa safi tayari, mpaka mwenzake alipotoka kwenda kuchukua ndoo. Ndipo akajivuta juu kwa kushika sinki jipya la daktari. Alijikaza kisabuni, kama walivyofundishwa wanaume wa umri wake, na kama ilivyo desturi ya sabuni, kila siku alizidi kupungua.

Mtu wa namna hiyo ungedhani Jumapili angelala. Wapi! Jumapili huenda kupanda mawe.

Ana pikipiki isiyo na kiti. Kiti hakikuibwa, ndivyo ilivyotengenezwa. Ni pikipiki ya mchezo ambao mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio tangu mwanzo hadi mwisho, akipita juu ya mawe na magogo polepole, na mshindi si anayewahi bali ni asiyekanyaga chini. Wapita njia hawachoki kumwuliza, “Fundi, kiti kiko wapi?” Naye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akijibu, “Kimepelekwa kufuliwa.” Siku hizi hulijibu hilo bila hata kucheka.

Kanuni za mchezo ni nyepesi. Njia imegawanywa vituo kumi na viwili, kila kituo ni hatua hamsini au sitini zilizozungushiwa utepe. Mguu ukigusa ardhi mara moja, unaandikiwa alama moja. Mara mbili, mbili. Zaidi ya hapo ni tatu, hata ukitembea nayo kama mtu anayeswaga mbuzi. Ukianguka, ukitoka nje ya utepe au ukipita lango lisilo lako, tano. Alama hapa ni deni la aibu. Mwenye nyingi ndiye aliyeshindwa. Malango yenyewe ni mishale midogo iliyochomekwa ardhini. Mishale myekundu huwapitisha wakubwa juu ya mawe, myeupe huwapitisha wengine pembeni. Nyeupe ni daraja la wanaoanza na wanaomaliza.

Fundi alikuwa nyekundu kwa miaka kumi na minne. Chama chao kina sheria moja isiyo na huruma: mashindano ya kufunga msimu ndiyo yanayoamua. Ukivuka alama ishirini siku hiyo, msimu unaofuata unapanda na nyeupe. Na yeye hakutaka kushuka. Tusimcheke. Mtu aliyelaza sakafu za nusu ya mji bila kutazamwa ana haki ya kutaka mahali pamoja ambapo watu husimama, hunyamaza na kumwangalia. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na mahali hapo palikuwa juu ya mawe mekundu.

Jumapili ya kufunga msimu alikuwa uani mapema, ameinamia pikipiki. Alitoa upepo kwenye tairi la nyuma mpaka akilibonyeza kwa kidole gumba likawa linaitikia. Tairi gumu huruka juu ya jiwe, lililolegea hulikumbatia. Mwezi uliotangulia alibadilisha sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, akaweka yenye meno matatu zaidi, ili gia ya pili ivute taratibu kama ya kwanza. Wenzake walimwuliza faida yake akawatajia mambo ya injini. Ukweli ni kwamba gia ya kwanza inarusharusha, na kila mruko hulipwa na goti.

Kisha yakaja ya buti. Alikuwa nazo jozi mbili. Mpya zilikuwa ngumu, zinakinga kifundo hata jiwe likikiangukia. Za zamani zililegea, nyayo zake nyembamba kiasi cha kuhisi kikanyagio. Akachukua za zamani.

Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai. “Baba Mapacha, zile mpya ulimnunulia nani? Panya?”

“Zinabana.”

“Zinabana wapi?”

“Zinabana tu, Mama Mapacha.”

Mkewe akanywa chai yake. Mapacha wenyewe, mabinti wawili, walikuwa wameshaolewa na kuhama, lakini wazazi walibaki na majina yao kama watu waliobaki na mizigo ya wageni. Mama Mapacha alishona sare za shule kwenye karakana yenye cherehani ishirini. Siku sita za wiki alishona kola. Ya saba alikuwa mdakaji.

Mdakaji ni mtu anayesimama juu ya jiwe refu kumngoja mwendeshaji wake. Mdaka mlango wa mpira hupigiwa mpira. Huyu hupigiwa chuma cha kilo sabini na mume juu yake. Pikipiki ikianguka, kazi yake ni kuidaka isimponde mwendeshaji. Lakini mdakaji haruhusiwi kugusa. Akigusa pikipiki au mtu, hata kwa ukucha, ni tano, uwe ulikuwa unaanguka au hukuwa. Kwa hiyo mdakaji mzuri ni yule anayejua kusubiri. Anaweka viganja shubiri moja kutoka kwenye usukani, anaona gurudumu linapepesuka, na bado anasubiri. Mwenye huruma ya haraka hafai.

Kwanza mdakaji alikuwa kaka yake fundi. Alipohamia mbali, Mama Mapacha alisema atasimama yeye kwa wiki mbili, mpaka mwingine apatikane. Hiyo ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita. Hakuupenda mchezo huo hata siku moja, ila aliujua kuliko wengi walioupenda.

Mashindano yalikuwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Kabla ya kupanda kituo, kila mwendeshaji hukitembea kwanza kwa miguu na mdakaji wake, wakipapasa mawe na kukubaliana. Hao wawili hawakuhitaji maneno mengi.

“Gia ya pili?” mke aliuliza.

“Ya pili.”

“Pembeni hapa pana changarawe. Usilale kushoto.”

“Nimeona.”

“Hukuona. Umeona baada ya mimi kusema.”

Kutembea huko ndiko kulikomchosha fundi kuliko kupanda. Juu ya vikanyagio goti lilikuwa na kazi moja. Ardhini lilikuwa na kila kazi. Lakini alama zilikwenda vizuri. Alikanyaga moja hapa, mbili pale, cha sita kikamla tatu, cha nane akapita bila doa watu wakapiga makofi. Vituo kumi vilipokwisha alikuwa na alama kumi na mbili. Alihesabu mara mbili, kisha akakaa juu ya tofali akafumba macho. Alichoka mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa anabaki nyekundu.

Kituo cha kumi na moja kilikuwa na jiwe moja tu la maana, refu kama jokofu. Mwamuzi wake alikuwa mzee mmoja mkimya, fundi wa saa, waliyemwita Bwana Vidole kwa sababu mwamuzi wa mchezo huu hatakiwi kusema. Anainua vidole, basi. Mama Mapacha alipanda juu ya jiwe akajiweka sawa. Bwana Vidole akapunga mkono.

Fundi akaingia kwa gia ya pili, kidole kimoja kwenye klachi, kimoja kwenye breki. Gurudumu la mbele likapanda. La nyuma likauma jiwe, injini ikanguruma chini chini, na meno yale matatu yakafanya kazi yaliyonunuliwa kuifanya. Akafika juu. Pikipiki ikayumba kulia, akairudisha. Ikayumba kushoto, na hapo akatulia kwa nusu pumzi, amebana tumbo, goti linawaka, na akajua. Alijua kama anavyojua kigae kimekaa kabla pima maji haijamwambia. Alikuwa ameliweza.

Mikono miwili ikaukamata usukani.

Pikipiki ikasimama. Mtu aliyekuwa akipiga picha akashusha simu. Fundi akatazama mikono ile kwa muda, glovu za ngozi za mchomeleaji, na hakuamini kwamba ni ya mkewe mpaka alipomtazama usoni. Chini, Bwana Vidole aliinua vidole vyote vitano.

“Ulikuwa unafanya nini?” fundi aliuliza.

“Ulikuwa unaanguka.”

“Sikuwa naanguka.”

“Baba Mapacha, ulikuwa unaanguka.”

Wote wawili wakamtazama mwamuzi. Mzee yule, ambaye msimu mzima hakuna aliyeisikia sauti yake, akajikuna shingo. “Alikuwa ameshaliweza, mama,” alisema. “Pole.”

Wakaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya rundo la kokoto, mbali na watu. Mke alisukuma kwa nyuma kama kawaida. Kumi na mbili na tano ni kumi na saba. Kilibaki kituo kimoja.

Fundi alikuwa na hasira, na hasira ya mtu aliyechoka ni mbaya kwa sababu haina haraka. “Miaka kumi na saba,” alisema. “Miaka kumi na saba hujawahi kugusa kabla ya wakati. Hata ule mwaka wa mvua nilipopaa na gogo hukugusa mpaka nilipokuwa hewani. Wote hapa wanajua hakuna mdakaji kama wewe. Leo, siku ya leo!”

Mkewe alikuwa amekaa juu ya gurudumu bovu la lori, akitazama buti zake.

“Hukuniamini,” fundi alisema. “Sema tu.”

“Sikujiamini mimi.”

“Maana yake nini?”

Mkewe akavua glovu ya kulia kwa meno na kuunyoosha mkono. “Uzungushe,” alisema. Fundi hakuelewa, kwa hiyo mkewe akajaribu mwenyewe kukigeuza kiganja juu. Kiganja kikafika nusu ya safari na kugoma. “Tangu mwezi wa nne,” alisema. “Siku ile ulipoanguka kwenye gogo na kikanyagio kikanipiga. Zamani nilikuwa nasubiri mpaka mwisho kwa sababu nilijua nitakudaka. Sasa nikisubiri mpaka mwisho sitakudaka. Kwa hiyo inabidi niwahi. Leo nimewahi mno. Basi.”

“Mwezi wa nne! Na hukusema?”

“Na wewe goti lako ulisema? Ile bandeji unayoificha ndani ya suruali unadhani inafuliwa na nani?”

Fundi aliona aibu, lakini hasira nayo haikuwa imeondoka, na vitu viwili hivyo vikibanwa kifuani pamoja mtu hukosa pa kupumulia.

“Kola nazishona kwa mkono wa kushoto,” mkewe aliendelea, bila kupandisha sauti. “Msimamizi anasema zimekuwa nzuri zaidi, mjinga yule. Si kwamba nimechoka kubeba, Baba Mapacha. Kubeba nimezoea. Nimechoka kusubiri. Kila Jumapili nasimama juu ya jiwe nikikusubiri uanguke. Jumatatu niko kwenye cherehani, bado nasubiri uanguke. Jumatano naosha vyombo, nasubiri. Wewe ukipita salama unashangilia, watu wanakupiga mgongoni. Mimi nashuka pale nikiwa nimeshakuona umekufa, na hakuna mtu anayeniandikia alama.”

Upepo ulipeperusha vumbi la kokoto kati yao. Upande wa pili watu walikuwa wanaita namba za watakaopanda kituo cha mwisho, na namba yake ilikuwa ya tatu.

Mkewe akavaa glovu tena. Aliivuta kwa meno mpaka ikaingia. Akainuka, akajipangusa vumbi. “Twende,” alisema. “Kimebaki kimoja. Usianguke tu, hata ukikanyaga mara mia. Tatu tu, unafika ishirini, hujavuka. Unabaki nyekundu.”

Alisema kweli. Ilikuwa hesabu ambayo hata mchovu angeiweza, na fundi alikuwa ameshaipiga. Kituo cha kumi na mbili alikijua: mwaka jana alikipita bila kukanyaga, na mwaka juzi pia. Mwendeshaji wa nyekundu, tofauti na wa nyeupe, haruhusiwi kukipanda bila mdakaji, lakini angeweza kumwomba mtu mwingine asimame. Aliliwazia hilo wakati wanatembea kwenda mwanzo wa utepe, na lilimpa nafuu kwa hatua kama kumi. Kisha akamwona mkewe akilini, amesimama nje ya utepe, mikono mitupu, akisubiri aanguke. Kilichobadilika kingekuwa mahali pa kusubiria tu.

Mama Mapacha akapanda jiwe la mwisho. Hakulipanda kama zamani. Aliweka kiwiko badala ya kiganja, akajivuta, goti likateleza, akajivuta tena. Hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa wanamtazama fundi, mwendeshaji mkongwe wa nyekundu, mwenye kumi na saba na kituo kimoja mkononi, mmoja akapaza sauti, “Kaza, Fundi! Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini si leo!” Watu wakacheka. Mkewe alisimama wima juu ya jiwe, akaipanua miguu, akanyoosha mikono mbele, viganja wazi, mmoja umegeuka vizuri na mwingine nusu.

Bwana Vidole, aliyekuwa amehamia kituo hicho, akapunga mkono.

Fundi akaingia kwa gia ya pili. Mishale myekundu ilikuwa mbele yake imenyooka, moja, mbili, mpaka kwenye jiwe. Njia aliiona yote, kila kokoto, na mwili wake ulishaanza kuinama wenyewe kuifuata. Jambo hilo lilimuuma kuliko goti: kwamba alikuwa analiweza. Angekuwa haliwezi, ingekuwa rahisi.

Akarudisha gia ya kwanza, akakata kushoto, akapita katikati ya mishale miwili myeupe.

Watu walidhani ameteleza. Mtu akasema, “Ah!” Fundi aliendelea taratibu kuzunguka jiwe, kwenye kijia laini ambacho binti wa miaka kumi na miwili angekipita, na hakutazama vidole vya mwamuzi kwa sababu alijua ni vingapi. Alichokitazama ni juu. Mkewe alikuwa bado amenyoosha mikono, mwili wote umekazwa, akingojea pikipiki ambayo haikuja. Ilichukua muda kabla hajaishusha, na aliishusha kidogokidogo, kama mtu asiyejua pa kuiweka.

Fundi akazima injini chini ya jiwe na kuweka miguu yote miwili ardhini.

“Ulikuwa unaliweza,” mkewe alisema kutoka juu.

“Najua.”

“Ishirini na mbili. Umeshuka. Sikukuomba hivyo, Baba Mapacha.”

“Hukuniomba.”

“Utakuja kunilaumu.”

“Labda,” alisema fundi, kwa sababu alikuwa amechoka mno kudanganya. Miaka kumi na minne ilikuwa imekwisha mchana wa jua, mbele ya watu wasiojua ni nini kimetokea, na alihuzunika mno. “Lakini hapo juu husimami tena.”

Mkewe akakaa palepale juu ya jiwe. Akaivua glovu ya kushoto. Ya kulia ilimshinda. Alijaribu kwa meno, akaacha, na akamnyooshea mumewe mkono ule kama ulivyo.

Fundi akaegemeza pikipiki. Akapanda jiwe kwa miguu, mwendo wa mzee, akisimama kila baada ya hatua kulisubiri goti, huku Bwana Vidole akimzuia mwendeshaji aliyefuata. Alipofika juu alipiga magoti mbele ya mkewe, akaushika mkono, akaanza kuivuta glovu, kidole kimoja kimoja.